Tuwahesabu Watoto Kabla ya Kuhesabu Matofali

Hotuba kwa wanachama wa halmashauri za shule na viongozi wa makanisa



Tumekusanyika kuzungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la maofisa peke yao: idadi ya watoto na idadi ya madarasa. Sisi twasema ni jambo la raia. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Haki hiyo haitimii jina linapoandikwa katika rejista. Yatimia mtoto anapopata mahali pa kuketi na mwalimu wa kumtambua kwa jina.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1974 Serikali iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa takriban milioni 1.8 mwaka 1973, wakafika takriban milioni 2.8. Vyumba havikuwapo. Wazazi wakatozwa ada za ujenzi, na watoto wa maskini waliokuja mbio wakarudi nyumbani kimya kimya. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure tena, na idadi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Kisha mwezi wa Desemba 2022 ikatangazwa kwamba Gredi ya 7 hadi ya 9 zitakaa katika shule za msingi. Januari 2023 kundi la kwanza likaanza masomo. Kila mara nia ilikuwa njema. Kila mara amri ilitangulia, hesabu ikafuata nyuma ikichechemea.

Ndugu zetu, mtoto si mgeni wa ghafla. Anayezaliwa mwaka huu atafika darasa la awali akiwa na miaka minne, na Gredi ya 1 akiwa na miaka sita. Ni mgeni gani mwingine apigaye hodi miaka sita kabla ya kuingia? Zahanati yajua waliochanjwa. Naibu wa chifu ajua waliozaliwa katika eneo lake. Kanisa lajua waliobatizwa. Basi kwa nini kila Januari twastaajabu?

Twastaajabu kwa kuwa hesabu zimetawanyika. Zamani mabaraza ya kaunti yalisimamia shule za msingi, hadi Serikali Kuu ilipoyanyang'anya kazi hiyo mwaka 1970. Ugatuzi ulioanza mwaka 2013 ulirudisha sehemu tu: madarasa ya awali ni ya kaunti, shule za msingi na za upili ni za Serikali ya kitaifa. Mtoto ni yule yule, na mara nyingi uwanja ni ule ule, lakini vitabu ni viwili. Walio mwaka wa pili wa madarasa ya awali leo ndio Gredi ya 1 ya mwakani. Asipopatikana mtu wa kuvuka uwanja na kuipeleka idadi hiyo kwa mwalimu mkuu, chumba hujengwa penye kura, si penye watoto.

Mtu huyo tunaye. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliunda Bodi za Elimu za Kaunti, na kuipa kila shule ya umma halmashauri ambamo wazazi, walimu na mfadhili wana viti. Hapa kanisa nalo lijikosoe. Ni mara ngapi tumekitumia kiti cha mfadhili kulinda jina letu langoni, na ni mara ngapi tumeuliza watoto wa mwakani wataketi wapi?

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, ifikapo Julai kila mwaka, halmashauri iandike ukurasa mmoja: vyumba vilivyopo, madawati, vyoo, walimu, na watoto wanaotarajiwa katika miaka mitatu ijayo. Pili, ukurasa huo usomwe kwa sauti mbele ya wazazi, na kubandikwa ukutani. Tatu, upelekwe kunakohusika. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, basi madai ya madarasa ya awali yawahi hapo. Madai ya Gredi ya 1 na kuendelea yafike kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti na kwa mbunge. Na kila anayepokea atie sahihi, ili kesho asiseme hakuambiwa.

Wapo watakaotuuliza ikiwa kuhesabu madawati ni kazi ya mageuzi. Tuwajibu hivi. Kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991, hatukwenda nyumbani kulala. Tulidai kura zihesabiwe mbele ya macho ya wananchi, kwa maana tulijua kwamba anayehesabu gizani huhesabu kwa faida yake. Watoto wetu nao wahesabiwe mchana, hadharani, na mapema. Mtoto aliyekosa kuhesabiwa ndiye huyo anayesomea chini ya mwembe mvua ikikaribia.