Hisia Zinazochukua Muda: Usonji na Mapenzi Mapya ya Watu Wazima

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore nchini Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 ambao aliamini walizaliwa bila uwezo wa kawaida wa kuungana na wenzao kihisia. Makala hayo yalisaidia kuzaa fani nzima ya utafiti wa usonji. Yalituachia pia picha ambayo imekuwa ngumu kufutika, ya mtu aliyejifungia ndani ya nafsi yake, asiyependa wala kuhitaji kupendwa. Watoto wale walikua wakawa watu wazima. Utafiti ulikawia kuwafuata. Kwa miongo kadhaa usonji uliandikwa kama suala la wazazi, walimu na madaktari wa watoto, na hata leo, kila ifikapo Aprili 2, siku ya kimataifa ya usonji, mazungumzo ya redio zetu huwa aghalabu ni ya mtoto na darasa lake. Mhadhara huu unamtazama mtoto huyo akiwa na miaka 30. Ana kazi, ana kodi ya nyumba ya kulipa, na kuna mtu ambaye wameanza kupendana.

Hoja nitakayoitetea ni moja. Miezi ya kwanza ya mapenzi humwia ngumu mtu huyu, lakini chanzo si uhaba wa hisia. Aghalabu hisia na utambuzi wa hisia havimfikii kwa wakati mmoja, ilhali uchumba wa siku hizi unamtaka kila mtu ajue anachohisi papo hapo na akionyeshe bila kuulizwa. Hilo likikubaliwa, cha kurekebishwa kwanza ni muda tunaopeana na namna tunavyoulizana, kabla ya kumgeuza mtu mmoja kuwa mgonjwa wa kutibiwa mapenzi.

Tuanze na lililo rahisi kuthibitisha. Mwaka 2017 Sandra Strunz na wenzake nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 229 wenye usonji. Asilimia 73 walikuwa wameshawahi kuwa na uhusiano wa kimapenzi, na asilimia 7 tu ndio waliosema hawana haja nao. Washiriki hao walikuwa watu wenye uwezo mzuri wa lugha na akili, kwa hiyo hawawasemei wote, hasa wale wasiozungumza, ambao wanastahili mhadhara wao. Hata hivyo, dhana kwamba mwenye usonji kwa asili yake hataki mapenzi haiwezi kusimama mbele ya takwimu kama hizo. Swali lililobaki ni la namna, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Tangu miaka ya 1970 wanasaikolojia wamekuwa na jina la hali ya mtu kushindwa kutambua na kueleza hisia zake mwenyewe: aleksithimia. Si usonji, na wapo watu wengi wasio na usonji walio nayo. Lakini uchambuzi uliounganisha tafiti mbalimbali, uliochapishwa 2019, ulikadiria kwamba karibu nusu ya wenye usonji wanayo, ikilinganishwa na takriban asilimia 5 ya watu wengine. Umuhimu wake ulionekana mwaka 2010, pale Geoffrey Bird na wenzake walipopima ubongo wa watu wenye usonji na wasio nao huku mtu wao wa karibu akipata maumivu madogo. Kilichoamua ukubwa wa mwitikio wa ubongo kilikuwa kiwango cha aleksithimia, wala si kuwa au kutokuwa na usonji. Kwa maneno mengine, ule ubaridi ambao kwa muda mrefu uliandikwa kwenye jalada la usonji, sehemu yake kubwa ilikuwa ya jalada jingine. Na kwa kuwa nusu ya wenye usonji hawana aleksithimia, tuwe waangalifu: wapo wanaojua wanachohisi barabara, ila huzidiwa na wingi wake.

Fikirini aleksithimia inavyofanya kazi katika wiki za kwanza za kupendana. Moyo unaenda mbio, tumbo linavurugika, viganja vinatoka jasho. Ni mapenzi, ni woga, ni njaa, au ni spika za ukumbini? Mtu asiye na tatizo hili hujibu swali hilo kabla hata hajajua kwamba ameliuliza. Mwenye aleksithimia anajua tu kwamba mwilini kuna jambo, na jibu huweza kumjia kesho yake akiwa kwenye daladala, au baada ya siku tatu. Akiulizwa pale pale, “Vipi, umefurahi?”, husema, “Sijui,” na amesema kweli tupu. Mwenzake husikia, “Hapana.” Juu ya hilo kuna mambo ya hisi za mwili. Baadhi ya wenye usonji hukerwa na mguso mwepesi wa kidole kuliko kukumbatiwa kwa nguvu. Udi na marashi, ambavyo Pwani ni sehemu ya mapenzi yenyewe, huweza kumtia mtu kichefuchefu. Anaposogea nyuma, mwenzake anaona amekataliwa, kumbe kilichokataliwa ni harufu.

Sijasema bado kwamba kosa ni la yeyote. Mwaka 2012 mwanasosholojia wa Uingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili: huyu hamsomi yule, na yule pia hamsomi huyu, ila ni mmoja tu anayepewa jina la mwenye tatizo. Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh waliijaribu kwa watu 72 waliopokezana hadithi, kila mnyororo ukiwa na watu wanane. Katika matokeo ya 2020, minyororo ya wenye usonji watupu ilihifadhi hadithi sawa na ya wasio na usonji. Iliyochanganya makundi yote mawili ndiyo iliyopoteza zaidi. Wengi waliyashangilia matokeo hayo kupita kiasi. Jaribio lilipopanuliwa hadi watu 311 na kuchapishwa 2025, hata ile minyororo iliyochanganywa haikupoteza zaidi ya mingine. Kwangu mimi, hilo halibomoi hoja ya msingi. Linaonyesha kwamba katika kupashana habari iliyo wazi, wenye usonji hawako nyuma ya mtu, na kwamba mchanganyiko wenyewe si hukumu ya kushindwa.

Basi kinachoshindikana ni nini? Utafiti wa Noah Sasson na wenzake wa 2017 unatupa fununu. Watu wasio na usonji waliwatazama au kuwasikiliza wenye usonji kwa sekunde chache tu, na wakawa na hamu ndogo ya kukutana nao. Lakini waliposoma maandishi ya yale yale yaliyosemwa, bila sura wala sauti, tofauti ilitoweka. Maneno yalikuwa sawa. Kilichowaponza ni macho, sauti na mikono, yaani vitu vile vile ambavyo mapenzi mapya huvitegemea kuliko kitu kingine chochote.

Hapa tuangalie uchumba wetu wenyewe. Utaratibu wa posa, kwa wengi wa Pwani na hata bara, ulimweka mshenga katikati na mara nyingi barua mkononi mwake. Nia ilitajwa waziwazi, na upande wa pili ulipewa nafasi ya kushauriana kabla ya kujibu. Hakuna aliyetarajia jibu siku hiyo hiyo, na kuchelewa kidogo hakukuwa tusi. Sitaki kuupamba utaratibu huo. Mara nyingi moyo wa binti haukuulizwa kabisa, na ulemavu katika ukoo ulifichwa ili posa isivunjike. Lakini ulikuwa na kitu kimoja ambacho simu imetunyang’anya, nacho ni nafasi halali kati ya swali na jibu. Leo alama mbili za buluu zinatosha kuanzisha ugomvi: umesoma, mbona hujajibu, umeninunia? Uchumba wa simu umerudisha maandishi, jambo ambalo lingemfaa sana mwenye usonji, kisha ukaondoa muda ambao ungeyafanya maandishi hayo yawe na faida.

Njia ambayo wengi huichukua ni kuigiza. Mtu hujifunza kutazama machoni kwa muda uliopimwa, kutabasamu mahali panapotakiwa, kukariri maswali ya kumuuliza mwenzake. Katika miadi ya kwanza huonekana mzuri kabisa. Gharama huja baadaye: utafiti wa Sarah Cassidy na wenzake wa 2018 ulihusisha kujificha kwa namna hii na fikra za kujiua miongoni mwa watu wazima wenye usonji. Na ukiacha afya, kuna tatizo la haki. Anayeigiza kwa miezi sita amempa mwenzake mtu wa kumpenda ambaye hatakuwapo mwezi wa saba, nguvu zitakapomwishia.

Nasikia pingamizi, na si dogo: ukiwalazimisha wapendanao kuulizana na kujibizana kama wako mahakamani, utamu wa mapenzi utabaki wapi? Sisi ni watu wa mafumbo. Kanga husema ambalo mdomo hauwezi, na taarabu imeishi kwa hilo. Nakubali kwamba fumbo ni starehe, lakini ni starehe ya watu ambao tayari wana ufunguo mmoja. Wapenzi wa wiki tatu hawana. Wakishaishi pamoja katika maneno ya wazi, watajitungia mafumbo yao, na hakuna ushahidi kwamba mwenye usonji hawezi kuyafurahia hayo ambayo ameshiriki kuyatunga.

Pingamizi lililo gumu zaidi kwangu ni la mwenzi. Kwa nini yeye ndiye asubiri? Naye ana moyo, naye anaumia mtu anapomwambia “sijui” kwa mara ya nne. Ana haki kabisa. Nisemalo si kwamba mmoja asubiri bila kikomo huku mwingine akijichunguza. Muda unaoombwa uwe na mwisho unaojulikana: “Sijajua bado, nitakuambia Jumamosi,” kisha Jumamosi iheshimiwe, hata kama jibu ni kwamba bado linatafutwa. Usonji haumpi mtu ruhusa ya kumdhibiti mwenzake, kumtukana, au kumgeuza kuwa somo la kuchunguzwa usiku na mchana, jambo linaloweza kutokea pale mapendo makali yanapochukua nafasi ya kila shughuli nyingine. Watafiti wa Australia waliowauliza watu wenye usonji na wenzi wao kuhusu mahusiano ya muda mrefu walikuta kwamba kinachoambatana zaidi na kuridhika, kwa pande zote, ni kuona kwamba mwenzako anakuitikia. Kuitikia huko kunaweza kuchelewa na bado kukawa kuitikia. Ila kusipokuja kamwe, mwenzi hana deni la kubaki.

Kuna mahali ambapo kuchelewa kwa utambuzi si suala la starehe wala subira tena. Mtu ambaye hajajua kama anachohisi ni hamu au hofu anaweza kusema “ndiyo” kwa sababu ndiyo ni neno ambalo amejifunza kwamba huleta amani. Wengine, wakizidiwa, hunyamaza kabisa na mwili kuganda, na ukimya huo katika jamii zetu umezoeleka kuchukuliwa kuwa ni kukubali, hasa ukiwa wa mwanamke. Hapa nasimama imara kuliko mahali pengine popote katika mhadhara huu: katika mambo ya mwili, ukimya usihesabiwe kuwa jibu, na “ndiyo” ya haraka iulizwe tena siku nyingine, kichwa kikiwa kimetulia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006 unatambua katika ibara ya 23 haki yao ya kuoa, kuolewa na kuwa na familia kwa ridhaa huru na kamili. Tanzania na Kenya zimeuridhia. Ridhaa kamili kwa mtu wa namna hii ina sharti la muda, na sheria zetu bado hazijaanza kufikiria sharti hilo.

Mwisho kuna wale watakaosema kwamba nimewaletea takwimu za Ulaya, Marekani na Australia. Ni kweli, na vyuo vyetu vina kazi ya kufanya, kwanza kwa kuwauliza wapenzi wote wawili badala ya kumhoji mzazi. Lakini kuna jambo linalofanya hoja hii itufae sisi zaidi. Huduma za kutambua usonji katika nchi zetu ni chache na zimejengwa kwa ajili ya watoto. Mtu wa miaka 30 anayejishuku hana pa kwenda kwa urahisi. Hata akithibitishwa, kumwambia mpenzi mpya ni kamari. Utafiti wa Sasson na Kerrianne Morrison wa 2019 uliona kwamba watu wakijulishwa juu ya usonji, na wakiwa na elimu kidogo kuuhusu, humtazama mhusika kwa wema zaidi. Lakini mbele ya shangazi anayeulizia ukoo wa mchumba, neno hilo hilo huweza kuvunja posa mara moja. Ndiyo maana nimeegemea muda na swali la wazi, kwa kuwa havidai cheti cha daktari. Wapenzi wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupimwa wanaweza kukubaliana leo usiku kwamba “sijui” ni jibu, na kwamba litaulizwa tena Jumamosi.