Tumbo Likifura Si Uchawi: Tuelewe Kansa ya Ovari



Leo tuzungumze juu ya kansa ya ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai ya mwanamke. Tukitembelea vikundi tunasikia: "Mama fulani tumbo limefura, amerogwa." Hebu tuone kinachotendeka ndani.

Chembe za kansa hii hubanduka kutoka ovari, zikaelea katika majimaji ya tumbo na kutua mahali pengine. Mkichinja mbuzi, mnaona ule utando wa mafuta unaofunika matumbo. Sisi pia tunao, na huko ndiko hupenda kutua. Kisha maji huongezeka, tumbo likafura.

Sasa mtauliza, askari wa mwili wako wapi? Wapo, tena wengi, hata katika utando huo. Lakini hawafanyi kazi moja. Wale waitwao chembe T huingia ndani ya uvimbe na kuua kansa. Wengine, ambao kazi yao ni kumeza takataka za mwili, hudanganywa na kansa. Huisaidia kukua na kuenea, na kuwazuia wenzao wasipigane. Ni kama mlinzi wa boma anayemfungulia mwizi.

Je, jambo hili lina uzito? Ndiyo. Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na wenzao walitoa matokeo ya kupima uvimbe wa wanawake 186 ambao kansa ilikuwa imeshaenea. Waliokuwa na chembe T ndani ya uvimbe, 38 kwa kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Wasiokuwa nazo hawakufika 5 kwa 100.

Basi msiuziwe dawa za "kuongeza askari" huko sokoni. Matibabu ni upasuaji na dawa za kansa hospitalini. Tuangalie dalili: tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu chini ya tumbo, kukojoa mara kwa mara. Zikidumu majuma mawili au matatu, twende hospitali tukaulizie picha ya tumbo. Kile kipimo cha mlango wa kizazi hakionyeshi kansa ya ovari.

Akina baba, msingoje mpaka maji yajae.

Ya kujadili kikundini: Mama akiugua hivi kwetu, nauli itatoka wapi, na nani atamsindikiza?