Kujibu Ombi la Ushahidi wa Ziada katika Maombi ya Viza ya Kazi ya H-1B ya Marekani: Kigezo, Kielelezo na Muda

1.0 Utangulizi

Mada hii inachunguza hatua moja ya maombi ya viza ya kazi ya Marekani ambayo huwakuta waajiri na wataalamu wengi bila maandalizi, nayo ni hatua ya kujibu barua ambayo mamlaka ya uhamiaji humwandikia mwombaji ikimtaka aongeze ushahidi kabla uamuzi haujatolewa. Viza iliyochukuliwa kuwa mfano ni ya daraja la H-1B, ambalo lilipata sura yake ya sasa katika Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990 kwa ajili ya wataalamu wa kazi zinazohitaji elimu ya chuo kikuu, na ambalo kwa kawaida lina ukomo wa nafasi 65,000 kwa mwaka, pamoja na nyingine 20,000 kwa wenye shahada za uzamili au zaidi kutoka vyuo vya Marekani.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jibu la barua hiyo hupata nguvu pale linapokifungamanisha kila kigezo cha kisheria kilichotiliwa shaka na kielelezo kinachoweza kusimama chenyewe bila kutegemea kauli ya mwombaji, na kwamba wingi wa karatasi usiofuata mpangilio huo aghalabu humwachia afisa shaka ileile aliyokuwa nayo mwanzo.

2.0 Mwombaji, Mnufaika na Mamlaka

Katika daraja la H-1B mwombaji ni mwajiri, ambaye huwasilisha fomu I-129 kwa Shirika la Huduma za Uraia na Uhamiaji la Marekani, lijulikanalo kwa kifupi kama USCIS, ilhali mtaalamu anayetarajiwa kuajiriwa huitwa mnufaika, yaani mtu ambaye ombi limefanywa kwa faida yake. Kabla ya hapo mwajiri hupata idhini ya Wizara ya Kazi kwa tamko la masharti ya kazi, ambalo hutaja cheo, mahali pa kazi na ngazi ya mshahara miongoni mwa ngazi nne zinazotambuliwa. Kwa kuwa ombi ni la mwajiri, barua ya kudai ushahidi huelekezwa kwake au kwa wakili wake, na mnufaika, ambaye ndiye mwenye vyeti na historia ya kazi, hubaki akitegemea kuarifiwa. Pengo hilo la mawasiliano hula siku za mwanzo ambazo zingetumika kuagiza nyaraka kutoka vyuoni.

Ni muhimu pia kutofautisha barua ya USCIS na madai ya nyaraka yanayotolewa ubalozini. Ombi likishakubaliwa na USCIS, mnufaika aliye nje ya Marekani huhudhuria usaili katika ubalozi, kwa mfano wa Dar es Salaam au Nairobi, na afisa wa huko anaweza kumnyima viza kwa muda chini ya kifungu cha 221(g) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia hadi alete nyaraka zilizopungua, jambo analopewa mwaka 1 kulitekeleza bila kulipa ada upya. Taratibu hizi mbili zina mamlaka tofauti na muda tofauti, na jibu la moja halitumwi kwa nyingine.

3.0 Msingi wa Kisheria wa Barua

Wajibu wa kuthibitisha uko kwa mwombaji tangu mwanzo hadi mwisho, na kiwango cha uthibitisho ni mizani ya uwezekano, maana yake ni kwamba afisa anapaswa kuridhika kuwa jambo linalodaiwa lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Uamuzi wa mwaka 2010 katika shauri la Chawathe ulifafanua kuwa kila kielelezo hupimwa kwa umuhimu wake, uzito wake na uaminifu wake, kikitazamwa peke yake na pia pamoja na vingine. Kiwango hicho ni cha chini kuliko kile cha kesi za jinai, ambako shaka yoyote ya msingi humnufaisha mshtakiwa, na kwa hiyo jibu halihitaji kuondoa kila shaka inayoweza kufikirika, bali kuielemeza mizani upande wa mwombaji.

Kanuni za shirika zinampa afisa hiari ya kudai ushahidi zaidi au kukataa ombi moja kwa moja pale ambapo ushahidi wa awali haukutosha, na namna hiari hiyo inavyotumika hubadilika kwa sera. Mwongozo wa Julai 2018 uliwapanulia maafisa uwezo wa kukataa bila kudai ushahidi kwanza, na ule wa Juni 2021 uliufuta. Kwa mujibu wa takwimu za USCIS yenyewe, maombi ya H-1B yaliyodaiwa ushahidi zaidi yalipanda kutoka takriban asilimia 21 katika mwaka wa fedha 2017 hadi asilimia 38 mwaka 2018, baada ya amri ya rais ya Aprili 2017 iliyohimiza kununua bidhaa za Marekani na kuajiri Wamarekani. Mabadiliko hayo yanaonyesha kwamba kupokea barua si dalili ya ombi bovu peke yake, kwani ombi lenye vielelezo vilevile lingeweza kupita mwaka mmoja na kuhojiwa mwaka uliofuata.

4.0 Kuisoma Barua kwa Vigezo

Barua ya kawaida hutaja kanuni inayohusika, hueleza vielelezo vilivyopokewa, hubainisha upungufu, kisha hupendekeza aina za ushahidi zinazoweza kuuziba. Sehemu ya tatu ndiyo kiini, ingawa waombaji wengi hukimbilia ya nne na kuifanya orodha ya manunuzi, wakikusanya kila kilichotajwa bila kujiuliza ni kigezo kipi kinachotetewa.

Kigezo kinachohojiwa mara nyingi ni iwapo nafasi ni ya utaalamu maalumu, yaani kazi inayohitaji matumizi ya kinadharia na kivitendo ya elimu ya ngazi ya shahada ya kwanza au zaidi katika fani mahususi. Kanuni mpya zilizoanza kutumika tarehe 17 Januari 2025 zimeeleza kuwa neno la kisheria lenye maana ya kwa kawaida halimaanishi daima, kwamba shahada inapaswa kuwa na uhusiano wa kimantiki na majukumu ya kazi, na kwamba nafasi ambayo shahada ya jumla isiyo na ubobezi inatosha kuishika haikidhi kigezo. Hata kabla ya kanuni hizo, Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa 9 iliamua Desemba 2020, katika shauri la Innova Solutions, kwamba shirika lilikosea kukataa nafasi ya mtayarishaji programu za kompyuta kwa sababu tu mwongozo wa kazi wa Wizara ya Kazi ulisema kuwa wengi wao, na si wote, wana shahada.

Chukulia mwajiri aliyeandika kwamba mchambuzi wa mifumo atachambua mahitaji ya watumiaji na kushirikiana na timu. Sentensi hiyo ingeweza kumhusu mtu yeyote ofisini, na barua itadai maelezo zaidi. Jibu linalosaidia huligawa kila jukumu kwa asilimia ya muda, likaeleza, kwa mfano, kwamba asilimia 35 ya muda itatumika kusanifu hifadhidata ya miamala, likataja mbinu zitakazotumika, kisha likaonyesha somo la chuoni lililofundisha mbinu hizo. Baada ya maelezo hayo huja vielelezo: sampuli ya kazi iliyokwisha kufanywa, chati ya muundo wa kampuni inayoonyesha nani anamsimamia nani, na vyeti vya watumishi waliowahi kushika nafasi hiyo. Pale ambapo tamko la masharti ya kazi limetaja ngazi ya kwanza ya mshahara, ambayo ni ya wanaoanza kazi, maelezo hayapaswi kumchora mnufaika kama kiongozi wa wataalamu wenzake, kwa sababu ukinzani huo huzaa shaka mpya kubwa kuliko ya awali.

5.0 Vyeti vya Afrika Mashariki na Usawa wa Shahada

Kwa wanufaika kutoka Afrika Mashariki, eneo lenye utata wa pekee ni usawa wa shahada. Shahada nyingi za kwanza za Tanzania ni za miaka 3, wakati shahada ya Marekani ni ya miaka 4, na afisa anayehesabu miaka ya chuo peke yake anaweza kuona upungufu. Mhitimu wa Tanzania aliyepitia mfumo wa miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari na 2 ya kidato cha tano na cha sita aliingia chuoni akiwa na miaka 13 ya masomo, hivyo akamaliza shahada ya miaka 3 akiwa na miaka 16, idadi sawa na ya Mmarekani aliyesoma miaka 12 kisha 4, na sawa pia na Mkenya wa mfumo wa 8-4-4. Hesabu hiyo haijithibitishi yenyewe. Inahitaji kuwekwa ndani ya tathmini ya vyeti iliyofanywa na taasisi inayotegemewa, ikiambatana na cheti cha kidato cha sita kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania na taarifa kamili ya matokeo ya chuo, vielelezo ambavyo waombaji huviacha kwa kudhani cheti cha shahada kinatosha.

Ikiwa usawa haupatikani kwa elimu peke yake, kanuni huruhusu uzoefu wa kazi kujaza nafasi kwa uwiano wa miaka 3 ya uzoefu wa kitaalamu kwa mwaka 1 wa chuo. Kampuni za kutathmini vyeti zinakubalika kwa elimu tu. Tathmini ya uzoefu inayotambuliwa hutolewa na afisa wa chuo chenye utaratibu wa kutoa alama za masomo kwa uzoefu, mwenye mamlaka hayo. Barua za waajiri wa zamani nazo zinapaswa kueleza kwamba kazi ilihitaji elimu ya fani hiyo na kwamba ilifanywa pamoja na wasimamizi au wafanyakazi wenza wenye shahada, jambo ambalo barua fupi ya kuthibitisha tarehe za ajira hailigusi.

Tofauti za majina ni tatizo jingine. Mtu anayeandikwa kwa jina lake, la baba na la babu katika cheti cha sekondari, kwa majina mawili chuoni, na kwa mpangilio mwingine katika pasipoti, huonekana katika jalada kama watu watatu. Uamuzi wa mwaka 1988 katika shauri la Ho unataka ukinzani utatuliwe kwa ushahidi huru, na kwa hiyo hati ya kiapo huwa na uzito zaidi inapoungwa mkono na cheti cha kuzaliwa au barua ya chuo. Nyaraka za Kiswahili ziambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza na tamko la mfasiri kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba ana uwezo wa kuifanya.

6.0 Muda na Uwasilishaji

Muda wa juu wa kujibu ni majuma 12, na siku 3 huongezwa pale barua inapotumwa kwa posta, lakini afisa anaweza kutoa muda mfupi zaidi, na tarehe iliyotajwa ndiyo inayotawala. Hakuna nyongeza inayoombwa, na jibu linapaswa kuwa limepokewa kufikia siku hiyo. Vielelezo vyote huwasilishwa kwa pamoja, kwa kuwa jibu la sehemu huchukuliwa kama ombi la kuamuliwa kwa yaliyopo. Kutojibu huhesabiwa kuwa kulitelekeza ombi, na kukataliwa kwa sababu hiyo hakukatiwi rufaa, ingawa hoja ya kulifungua upya jalada inaweza kuwasilishwa. Aidha, kutokana na uamuzi wa shauri la Soriano la mwaka 1988, kielelezo kilichodaiwa na kikaachwa kwa kawaida hakipokewi katika rufaa. Ombi lililolipiwa huduma ya haraka husimamishiwa saa barua inapotoka, na siku 15 za kazi huanza kuhesabiwa upya jibu linapopokewa.

Jibu halipaswi kulibadili ombi. Uamuzi wa mwaka 1998 katika shauri la Izummi ulikataza mwombaji kufanya mabadiliko ya msingi ili ombi lililopungukiwa likidhi masharti, hivyo mwajiri anaruhusiwa kufafanua majukumu aliyoyataja lakini haruhusiwi kubuni kazi mpya. Maelezo ya wakili nayo si ushahidi, na maoni ya profesa yanaweza kupuuzwa yasipoonyesha kwamba aliyatoa baada ya kuijua kazi yenyewe.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uchambuzi huu umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya upungufu unaodaiwa katika barua hizi huzaliwa kabla ombi halijawasilishwa, katika maelezo ya kazi yaliyoandikwa kwa jumla na vyeti vilivyokusanywa nusunusu. Inapendekezwa waajiri wamjulishe mnufaika siku barua inapopokewa na kumpa nakala yake. Jibu liandaliwe kwa jedwali linalotaja kigezo, upungufu, kielelezo na ukurasa kilipo. Na wataalamu wa Afrika Mashariki wanaotarajia ajira ya nje waagize taarifa za matokeo, walinganishe majina yao na waombe barua za kina za waajiri wangali wanafahamiana na wasimamizi wao. Vyuo navyo vingesaidia kwa kutoa, pamoja na cheti, maelezo rasmi ya muda wa shahada na sifa za kujiunga, kwani waraka huo mmoja ungewaondolea wahitimu wao hoja ambayo sasa kila mmoja huitetea peke yake ndani ya majuma 12.