Ahadi ya Kazi kwa Wahandisi: Tuulize Nini?

Haya ndiyo mazungumzo ya jioni, nimeyaweka jinsi yalivyosemwa. Simtaji mtu wala chama.

Wadau, kila kampeni mnasikia wimbo ule ule: tutajenga barabara, tutachimba mabwawa, na vijana wetu wa uhandisi watapata kazi. Makofi! Haya, hebu tuifungue hiyo ahadi tuone kilicho ndani.

Ukimaliza digrii ya uhandisi hapa Kenya, kisheria bado wewe si mhandisi kamili. Sheria ya Wahandisi ya 2011 inataka ujisajili kwa Bodi ya Wahandisi kama mhitimu kwanza, kisha ufanye kazi kwa vitendo angalau miaka 3 ndipo uombe usajili wa juu. Sasa hiyo miaka 3 utaitoa wapi, na kila tangazo la kazi linadai uzoefu? Na HELB nao hawangoji. Mwaka 1 baada ya masomo wanataka pesa yao, uwe na kazi ama usiwe nayo.

(Wazazi, kando kidogo: kabla ya kulipa karo, hakikisheni Bodi inaitambua hiyo kozi. Wako waliohitimu wakaambiwa digrii yao haisajiliki.)

Siasa inaingia hapa. Serikali ya kitaifa na za kaunti ndizo wateja wakubwa wa barabara na maji. Zikitangaza tenda, zinaweza kuandika kwenye mkataba kwamba mkandarasi achukue wahitimu kadhaa, wafanye kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, na walipwe.

Mtu atakujibu, “Si sheria ya ununuzi ya 2015 inalinda Wakenya kwa asilimia 40?” Sikizeni vizuri. Hiyo asilimia 40 ni ya bidhaa ambazo kampuni ya kigeni inapaswa kununua kutoka kwa wakandarasi wa hapa. Kifungu hicho hakimtaji mhitimu. Kokoto ina kinga, wewe huna.

Kwa hivyo msiulize “nafasi ngapi za kazi?” Nambari ni rahisi kutamka. Muulizeni anayetaka ugavana: kwa tenda za kaunti yako, mhitimu atakaa saiti miezi mingapi, atalipwa na nani, na mhandisi gani atathibitisha kazi yake? Akianza hadithi ya mikopo ya bodaboda, mrudisheni kwa swali.

Atakachojibu, kiandikeni hapa chini.