WALIOFUNGWA UANI NAO NI WENZETU
(Hotuba ya Kamati ya Afya katika mkutano wa wanachama)



Tumepewa nafasi kidogo kabla ya habari ya bei ya korosho, na tunajua wengi mmekuja kwa ajili ya hiyo bei. Subirini. Tunataka kusema juu ya wenzetu ambao hawakuja mkutanoni kwa sababu wamefungwa kamba uani. Nyumba hatuzitaji, sote tunazijua.

Ugonjwa wenyewe kwa kitaalamu unaitwa skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti ambazo sisi hatuzisikii, huamini anawindwa, na maneno yake hayashikamani. Mara nyingi huanza ujanani, wakati mtu ndiyo kwanza anaanza kujitegemea. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria mtu 1 katika kila watu 300 anao. Sasa hesabuni wenyewe kijiji chetu.

Hatumlaumu mama aliyemfunga mwanawe. Kijana akikimbilia barabarani usiku, au akitaka kuchoma banda, mama afanye nini peke yake? Lakini kamba haiponyi, jamani. Inakata mguu tu.

Kuna mtu mmoja wa Benin, Grégoire Ahongbonon, aliyehamia Côte d'Ivoire, mji wa Bouaké. Si daktari. Ni fundi wa matairi! Wengine mtacheka: kuziba pancha na wagonjwa wa akili, wapi na wapi? Alipata mali, akawa na teksi, kisha akafilisika mpaka akataka kujiua. Alipoinuka tena, yeye na wenzake wakaanzisha chama cha Saint Camille, wakihudumia wagonjwa wasio na mtu. Miaka ya 1990 wakaanza kuwachukua wagonjwa wa akili waliokuwa wakirandaranda mitaani. Kisha wakaingia vijijini, wakakuta watu wamefungwa minyororo, wengine mguu umepitishwa katika tundu la gogo. Wakawafungua, wakawaosha, wakawalisha, wakawapa dawa. Kazi hiyo imefika Benin, Togo na Burkina Faso pia.

Tulilolipenda zaidi ni hili: wengi wa wanaowahudumia wagonjwa pale waliugua wao wenyewe. Na mtu akipata nafuu hufundishwa kazi, kama kilimo, ufugaji au ushonaji, halafu anarudi kwao. Dawa hufuatiliwa karibu na nyumbani.

Hapo kwenye dawa ndipo sisi tunapokwama. Vidonge vipo, na ipo sindano inayokaa mwilini wiki kadhaa. Ila mtu akitulia kidogo tunasema amepona, dawa inaachwa, na baada ya muda ugonjwa unarudi. Halafu ati tunasema dawa za hospitali hazifai! Hatukuja kubishana na waganga wala masheikh wala wachungaji. Anayetaka dua aombewe, lakini dawa isikatwe bila daktari kusema.

Kwa hiyo tunaomba mkutano uamue leo. Mfuko wa ushirika utoe nauli ya kila mwezi kwenda hospitali ya wilaya, ya mgonjwa na mtu mmoja wa kumsindikiza, kwa mwaka mmoja. Tunajua fedha hiyo ilitengwa kuezeka ghala. Ghala linavuja upande mmoja tu, na magunia yanaweza kusogezwa. Tena, mgonjwa akipata nafuu apokelewe shamba la ushirika na alipwe sawa na wengine, siyo kupewa sahani ya ugali na kuambiwa ashukuru. Na watoto wanaowarushia mawe, wazazi wao wako hapa hapa.

Mwenye mgonjwa nyumbani amwone Katibu baada ya mkutano, au usiku nyumbani kwake akiona haya. Majina hayatasomwa, wala hayatabandikwa hapa ukutani. Safari ya kwanza ni Alhamisi, gari la alfajiri.

Tunamwachia Mwenyekiti habari ya korosho.