Mwanasheria Bado Si Wakili

Hotuba iliyotolewa Magamba katika mkutano wa wanafunzi wa zamani



Kabla ya yote nina jambo la kusahihisha. Katika ratiba ya leo jina langu limeandikwa na neno "Wakili" mbele yake. Namshukuru aliyeniheshimu hivyo, lakini heshima hiyo si yangu. Mimi nina shahada ya sheria na ni mtumishi wa Serikali. Mimi ni mwanasheria. Wakili sijawa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo niliyoombwa kuieleza, kwa kuwa vijana wengi hapa wamemwambia mwalimu wao wa taaluma kwamba wanataka kuwa mawakili, na hawajui safari yenyewe ina vituo vingapi.

Kituo cha kwanza ni shahada ya sheria. Zamani njia ilikuwa moja tu. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wachache mno, na mwanamke miongoni mwao alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa jaji na kisha Waziri wa Sheria. Leo vyuo vikuu vinavyofundisha sheria ni vingi. Tena kwa asiyepata nafasi moja kwa moja baada ya kidato cha sita, ipo ngazi nyingine, na iko hapa chini mjini kwetu Lushoto. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, hutoa cheti na stashahada ya sheria. Mwenye stashahada nzuri aweza kuendelea hadi shahada. Msidharau ngazi iliyo mlangoni penu.

Kituo cha pili ni Shule ya Sheria, Dar es Salaam. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ikaanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Mafunzo yake ni ya mwaka mmoja. Chuo kikuu humfundisha mtu sheria inasema nini, na Shule ya Sheria humfundisha kuitumia: kuandika hati za madai, kuendesha kesi ya jinai, kumhoji shahidi, kutunza siri na fedha za mteja. Baadaye hupelekwa mahakamani na katika ofisi za mawakili akajifunze kwa vitendo.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Oktoba 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo yalipotangazwa: kati ya wanafunzi 633 waliofaulu masomo yote kwa mara moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walikatishwa masomo. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze kiini chake. Wapo waliosema shule ni katili, na wapo waliosema vyuo vikuu vinaleta watu wasioiva. Mimi nasema kijana asingoje wakubwa wamalize ubishi. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, lakini vitabu vingi na hukumu nyingi za miaka iliyopita ziko kwa Kiingereza. Asiyeweza kuandika aya moja iliyonyooka kwa lugha zote mbili akiwa hapa Magamba, Dar es Salaam haitamsaidia sana.

Kituo cha tatu ni kwa Jaji Mkuu. Chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, aliyehitimu hupeleka ombi lake pamoja na vyeti vyake na uthibitisho wa mwenendo mwema. Baraza la Elimu ya Sheria humhoji. Angalieni neno hilo, mwenendo. Mtu aweza kuwa na alama za juu akakwama kwa tabia yake. Akikubaliwa, Jaji Mkuu humpokea hadharani, na jina lake huandikwa katika Daftari la Mawakili kwa namba yake.

Kituo cha nne husahaulika. Kuandikwa daftarini hakutoshi. Sharti wakili awe na leseni ya mwaka husika, na awe mwanachama wa Chama cha Wanasheria Tanganyika. Katika rufaa ya Edson Mbogoro dhidi ya Dk. Emmanuel Nchimbi, Mahakama ya Rufani ilieleza wazi kwamba wakili anayefanya kazi bila leseni hai si tu kwamba anavunja sheria, bali hata anachokifanya hakina nguvu kisheria.

Yote haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Jaji Mkuu wake, Mahakama Kuu yake na daftari lake, na wakili wa Bara hapati haki ya kusimama katika Mahakama Kuu ya huko kwa sababu tu ni wakili wa Bara.

Ndugu zangu, najua mwanafunzi mmoja ananong'ona nyuma: vituo vyote hivi vya nini? Si urasimu tu? Nitajibu kwa kisa changu, ingawa hakinipi sifa.

Nilihitimu mwaka 2007. Niliporudi nyumbani kijiji kizima kiliniita wakili, nami sikukanusha. Baba yangu mdogo alikuwa ameshindwa kesi ya shamba la bondeni alilokuwa akilima kabichi, na siku za kukata rufaa zilikuwa zimempita. Akaniomba nimwandikie maombi ya kuongezewa muda. Nikaandika kwa Kiingereza kizito, pamoja na hati ya kiapo. Ilipofika mahali pa kamishna wa viapo kutia sahihi na muhuri, nikatia sahihi yangu mwenyewe na chini yake nikaandika shahada yangu. Nikapokea beberu mmoja na noti kadhaa.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa upande wa pili alisimama akauliza swali moja tu: aliyemwapisha mwombaji huyu ni nani, na kwa mamlaka gani? Maombi yakaondolewa siku ile ile. Hakuna aliyefikia kuuliza shamba ni la nani. Kuomba upya kuliwezekana, lakini sasa ilibidi kueleza pia miezi iliyopotea kwa ajili yangu, na fedha ilikuwa imekwisha. Baba mdogo hakunilaumu. Tulipokuwa tukingoja basi aliniuliza tu, "Kumbe kuna wakili na wakili, mwanangu?" Shamba lile hulimwa na wengine hadi leo. Nikienda nyumbani hupita njia ya juu nisilione.

Basi kila kituo nilichokitaja kimewekwa kwa ajili ya mtu kama baba mdogo. Yeye hawezi kupima elimu ya anayemwandikia. Anachoweza ni kuamini, na vituo vile vipo ili imani yake isiwe kamari. Vishoka wanaozunguka mahakamani na mihuri mifukoni hula imani hiyo. Siku hizi Mahakama ina mfumo uitwao e-Wakili. Mwenye simu aweza kutafuta jina la mtu na kuona kama ni wakili na kama leseni yake ni hai. Wafundisheni wazee wenu jambo hili mkienda likizo. Na asiye na uwezo wa kumlipa wakili aelekezwe kwa watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Kwenu vijana: someni sheria, nchi inawahitaji. Lakini mkihitimu na kijiji kikawaita mawakili kabla ya wakati, semeni mapema, "Bado." Ni neno fupi. Mimi lilinishinda mwaka 2007, ndiyo maana leo nimeanza nalo.

Nakuomba basi, Ndugu Mwenyekiti, ratiba ile irekebishwe kabla haijachapwa gazetini.