Kabla ya Kupiga Windows Mpya: Namna ya Kuhama na Programu za Zamani

Mada kwa mafundi kompyuta na wenye steshenari, Igoma, Mwanza



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Ndiyo maana wateja wanafika mezani kwetu na ombi moja: "Fundi, nipigie Windows 11." Mada yangu inahusu jambo ambalo mteja halisemi kwa kuwa halijui. Ndani ya mashine ile mna programu ya zamani inayobeba kazi yake yote, na huenda isifunguke tena mfumo ukibadilishwa. Kwa maoni yangu, kazi ya fundi haianzi kwenye flashi yenye Windows. Inaanza kwa kuuliza ni programu gani inayomwingizia mteja riziki.

Tembea barabara ya Musoma kuanzia stendi yetu uone. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaweka madeni ya wateja kwenye programu ya hesabu aliyouziwa na mtu ambaye hapatikani tena. Darasa la kuchapa linafundishia Mavis Beacon ya zamani. Mtengeneza kadi za harusi bado yuko na PageMaker 7.0, toleo la 2001, na InDesign za sasa haziyafungui tena mafaili yake. Ukifomati mashine ya mtu huyo bila kuuliza, umemfungia biashara.

Programu hizi zinagoma kwa sababu zinazojulikana. Zile za enzi za DOS na Windows 3.1 ziliandikwa kwa biti 16. Windows ya biti 32 ina tabaka la kuziendesha, ya biti 64 haina. Windows 10 ilitoka kwa aina zote mbili. Windows 11 ni ya biti 64 tu. Kwa hiyo FoxPro ya DOS iliyokuwa ikifanya kazi jana kwenye Windows 10 ya biti 32 itagoma kwenye laptopu mpya, na hakuna kitufe cha kubonyeza kikaiponya. Kuna pia programu ambazo zenyewe ni za biti 32 lakini kisakinishi chake ni cha biti 16. Fundi anaona usakinishaji umekataa, anamwambia mteja programu imekufa, kumbe ni mlango tu uliofungwa.

Nyingine hazijafa hata kidogo. Bofya kulia, ingia Properties, fungua sehemu ya Compatibility, uiambie Windows ijifanye Windows 7 au XP. Programu nyingi za hesabu zinaamka hapo. Nyingine zinadai .NET 3.5, na mashine inataka kuishusha kutoka intaneti huku bando la mteja likiteketea. Faili hilo tayari limo kwenye flashi yako ya Windows, ndani ya folda ya sources, kisha sxs. Lisakinishe kutoka hapo.

Printa nazo zina habari yake. HP LaserJet 1010 bado inatoa nakala safi, lakini HP haikuitengenezea draiva ya Windows hizi mpya. Wengi wanamshauri mteja anunue nyingine. Msimshauri hivyo kabla ya kujaribu hili: ongeza printa kwa mkono, chagua mlango wa DOT4_001, kisha kwenye orodha ya HP chagua LaserJet 3055 PCL5. Kama orodha ni fupi, bonyeza Windows Update ijaze, halafu chapa ukurasa wa majaribio. Kwa mwenye steshenari, hilo ni tofauti kati ya kufungua kesho na kutafuta mtaji upya.

Kwa programu zile za biti 16, njia ni kuzipa mashine yao ndani ya mashine. DOSBox ni ya bure, ila iliandikwa kwa ajili ya michezo. Kwa kazi za ofisi zinazohitaji kuchapisha, vDos inafaa zaidi. VirtualBox inabeba Windows nzima ya zamani, na XP inatosheka na RAM ya MB 512. Njia ninayoipenda kuliko zote ni Disk2vhd, programu ndogo ya bure ya Microsoft yenyewe. Inageuza diski yote ya mashine ya zamani kuwa faili moja, ambalo unaweza kulifungua kwenye VirtualBox. Mara nyingi Windows hiyo itadai leseni upya, kwa hiyo mjiandae. Na mkiiendesha, ikateni na intaneti, kwa sababu haipokei tena marekebisho ya usalama.

Neno kuhusu kurudi nyuma. Ukipandisha Windows bila kufomati, folda ya Windows.old inakupa siku 10 za kurejea ulikotoka. Ukifomati, huna hata siku moja. Kunakili folda ya Program Files kwenye flashi si kuhamisha programu. Bila kisakinishi na namba ya leseni, umebeba ganda. Na kwa umeme wetu huu, msianze kupandisha laptopu isiyo na betri nzima.

Wakati mwingine jibu sahihi ni kutohama. Windows 11 inadai TPM 2.0 na, kwa Intel, kichakataji cha kizazi cha 8 kwenda mbele, nazo mashine nyingi zilizotumika tunazouziana ni za kizazi cha 3 au cha 4. Kulazimisha kwa programu ya Rufus kunawezekana, lakini Microsoft haiahidi marekebisho kwa mashine hizo. Iacheni ile ya zamani ifanye kazi yake moja bila intaneti, na ya pembeni iwe ya barua pepe.

Ombi langu kwenu ni hili: kabla ya kugusa diski ya mtu, kaeni naye, mwandike programu anazotumia, mafaili yake yako wapi, visakinishi na leseni ziko kwa nani, na printa ni ipi. Karatasi hiyo isainiwe na wote wawili, kisha mtoze ada yake, kwa sababu ni kazi kamili.